Sura ya Tano: Sahani Zilizorudi Nzima

Alhamisi hiyo ukungu ulipanda kutoka mferejini ukakaa barabarani kama mgeni asiyejua kuaga. Tramu zilipita bila kuonekana, zikasikika kengele tu. Luteni Fanny Geismar alitembea kwa miguu kutoka kituo cha polisi hadi dahalia ya wanafunzi wa Kiyahudi, nyuma ya chuo kikuu, na njia nzima hakuona uso wa mtu mpaka mtu huyo amgonge bega na kumwomba radhi. Strasbourg ya Novemba ndivyo ilivyo. Ukikaa hapa muda mrefu unazoea kuishi nusu macho, nusu ndotoni. Wezi nao wanazoea.

Ila safari hii Luteni hakuwa na uhakika kama kulikuwa na mwizi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Gombo la Torati la dahalia lilionekana mara ya mwisho Jumamosi, kwenye sala ya Sabato. Jumatatu asubuhi, siku ya kulisoma, vijana walifungua kabati la chumba cha sala wakakuta ndani mna vazi la gombo tu, lile la mahameli, na mapambo yake ya fedha. Gombo hakuna. Msimamizi wa dahalia akapiga simu polisi. Kabla ya chakula cha mchana kila mtu alikuwa na jina moja mdomoni, jina la Yoann Berdugo, mwanafunzi wa famasia. Gombo lilikuwa la ukoo wake, limeazimwa tu pale, na yeye mwenyewe alikuwa ametamka maneno mabaya juu yake mbele ya watu.

Leo, baada ya sala ya alasiri, kamati ya wanafunzi ingeketi kupiga kura ya kumfukuza. Baada ya hapo mwendesha mashtaka angetaka Luteni amkamate, kwa sababu kijana aliyetupwa nje na wenzake hana tena wa kumsemea. Fanny alikuwa na mchana mmoja tu.

Aliyefungua mlango ni Élie Ulmann, mwenyekiti wa kamati, mwanafunzi wa sheria, mrefu, mwembamba, mwenye kuongea kama yuko mbele ya hakimu hata akiomba chumvi.

"Luteni. Umekuja tena."

"Mimi ni kama mafua, sitoki haraka."

"Mama anakusalimu. Anasema akikumbuka soseji za babu yako bado anameza mate."

"Mwambie hata mimi nameza. Siku hizi lile bucha linauza viatu."

Mji mzima ulimjua hivyo, mjukuu wa Geismar mchinjaji wa Kiyahudi, binti aliyekwenda kuwa polisi, na mashangazi zake walikuwa hawajaacha kulizungumza jambo hilo kana kwamba limetokea jana.

Chumba cha sala kilikuwa ghorofa ya chini, upande wa bustani. Ukungu ulikuwa umejibandika kwenye madirisha, na mwanga ulioingia ulikuwa mweupe, mzito, wa kumfanya mtu aseme kwa sauti ya chini bila kuambiwa. Fanny akalifungua kabati. Jumatatu wenzake walipiga picha kitasa, na kitasa hakikuwa na hata mkwaruzo. Ufunguo ulikaa kwenye msumari nyuma ya kabati, mahali ambapo kila mkazi wa dahalia alipajua na kila mmoja aliambiwa ni siri. Akalishika lile vazi la mahameli, akazigeuza taji mbili za fedha, akakitazama kijiti cha fedha cha kufuatia mistari.

"Élie, tuseme wewe ni mwizi."

Kijana akashtuka. "Mimi?"

"Tuseme tu. Uko hapa peke yako, hakuna anayekuona. Unachukua nini?"

"Fedha," alisema Élie.

"Haswa. Fedha inaingia mfukoni. Gombo lina uzito wa mtoto mdogo, na popote utakapolipeleka utaulizwa umelitoa wapi. Mwizi wetu ameacha fedha."

"Ndiyo maana watu wanasema ni Yoann. Hakuwa na shida na fedha. Alitaka cha kwao."

"Vazi nalo ni la kwao." Fanny akalikunjua, akaonyesha jina la ukoo lililotariziwa kwa uzi wa manjano. "Hii ni kazi ya bibi yake. Angechukua gombo akaiacha kazi ya mikono ya bibi yake?"

"Labda alikuwa na haraka."

"Labda. Alilifunga na nini basi? Mtu wa humu hawezi kulibeba wazi wazi, wala hawezi kulitia kwenye mfuko wa sokoni. Atatafuta kitu cha heshima, kilicho karibu."

Fanny alikuwa ameshageukia ukuta wa mlangoni, ambako mifuko ya shali za sala ilitundikwa, kila mmoja na herufi za mwenyewe. Yote ilikuwa imejaa, isipokuwa mmoja. Akaubonyeza. Haukuwa na kitu.

"Shali yako iko wapi?"

"Kwa dobi."

"Dobi gani?"

"Wa... huku nyuma. Nimesahau jina lake." Élie akatazama saa yake. "Luteni, nina kipindi. Kama huna swali jingine."

Fanny alimwacha aende. Alipobaki peke yake akapiga magoti, jambo ambalo wapiga picha wa Jumatatu hawakulifanya, akapapasa sakafu kati ya meza ya kusomea na safu ya kwanza ya viti. Kwenye ufa wa mbao alikuta kibanzi cheusi chenye urefu wa kidole. Upande mmoja kilikuwa kimevunjika upya. Upande wa pili kilikuwa laini na chenye kung'aa, kama mti unavyokuwa ukishikwa na mikono mingi kwa miaka mingi. Akakifunga kwenye leso yake.

Yoann Berdugo alikuwa chumbani kwake, ghorofa ya tatu, amekaa juu ya begi lake la safari kwa sababu lilikataa kufungika.

"Umeshafungasha?" Fanny aliuliza.

"Kura bado. Ila naijua."

"Niambie ulichosema Jumamosi. Nimeshasikia hadithi nne. Nataka ya kwako."

Yoann alikuwa mfupi, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala. Akainua mabega. "Huku Alsace wakimaliza kusoma, mtu mmoja anashika mipini miwili ya gombo na kulinyanyua likiwa wazi, ili watu wote waone maandishi. Sawa, ni desturi yao, siikatai. Kwetu, watu tuliotoka Meknès, ng'ambo ya bahari, tunalionyesha kabla ya kusoma, polepole, hakuna mashindano. Hawa wameigeuza michezo. Nani atalikunjua zaidi, nani mkono wake hautatikisika. Gédéon Netter anapiga makasia timu ya chuo, basi kila Sabato tunatazama misuli ya Netter."

"Na Jumamosi?"

"Mwaka wa kusoma ndiyo kwanza umeanza, tuko kitabu cha Mwanzo. Maandishi yetu yanaanzia kulia, basi karibu ngozi yote ya gombo bado imekunjwa upande wa kushoto, upande wa kulia hakuna kitu. Hapo ndipo gombo linapokuwa gumu kushika. Netter akalikunjua mpaka mwisho wa mikono yake, na mkono wa kushoto ukatikisika. Mimi nikaona. Nikasema mbele ya wote, endeleeni hivi hivi, mtaamka siku moja msilikute."

"Ulimaanisha nini?"

"Kwamba nitamwambia baba aje kutoka Marseille na gari, mchana kweupe, alichukue. Nimekesha na hayo maneno siku zote hizi, Luteni. Hayarudi."

Simu ikatetemeka mezani. Yoann akaigeuza kifudifudi.

"Hupokei?"

"Ni babu. Gombo hili lilivuka bahari likiwa mapajani kwake. Kila wiki ananipigia kuniuliza limesomwa nini, nani kasoma, kasoma vizuri au kaparaza. Jumapili nilimwambia lipo salama. Sasa nimwambie nini?"

Fanny alimsaidia kukandamiza begi mpaka zipu ikakubali, akateremka jikoni.

Jikoni ndimo mlimokuwa na uhai. Bi Ginette, mpishi wa dahalia tangu enzi za baba zao hawa vijana, alikuwa anakatakata kotimiri ya Kizungu kwa mchuzi wa kijani wa samaki baridi. Hakusubiri kusalimiwa.

"Kaa ule, mjukuu wa Geismar."

"Niko kazini, Bi Ginette."

"Polisi wameacha kuwa na matumbo? Kaa." Sahani ikatua mezani. "Halafu nataka unikamatie mtu."

"Amefanya nini?"

"Ananiharibia jina. Miaka yote hii hakuna aliyerudisha sahani yangu. Wiki hii zinarudi nzima, hazijaguswa hata kwa uma."

Fanny aliacha kutafuna. "Za nani?"

"Jumatatu ya Netter. Netter, yule anayekula kama kambi ya jeshi! Nikamuuliza, mwanangu vipi, akasema tumbo. Jumanne ya Ulmann. Huyu mtihani. Jana ya Bollack mdogo, eti jino. Leo Netter tena, tumbo tena. Tumbo gani linaloruka siku mbili halafu linarudi?"

"Hawa watatu ni marafiki?"

"Chanda na pete. Ndio wanaobaki kufunga chumba cha sala Sabato ikishaisha."

"Na usiku? Wanalala na njaa?"

Bi Ginette akacheka kwa dharau. "Wapi! Giza likishaingia tu, huyo ambaye mchana alikuwa anaumwa anashuka, anafagia mpaka sufuria. Mimi nilidhani ni mapenzi. Mapenzi ya mchana yanakata hamu ya kula, nayakumbuka."

Fanny alimaliza samaki wote, maana alikuwa wa ukoo usioacha chakula, kisha akaomba kikombe cha kahawa cha kwenda nacho.

Gédéon Netter alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa bustani, koti limefungwa mpaka shingoni, akitazama ukungu. Kwa mwili alikuwa pande la mtu. Usoni, mchana ule, alikuwa kama mtoto aliyeamshwa katikati ya usingizi. Fanny akakaa pembeni yake, akaweka kahawa kati yao.

"Kunywa."

"Asante, Luteni. Tumbo."

"Nikuletee maji basi."

Akatikisa kichwa.

"Tumbo lisilotaka hata maji," Fanny alisema. "Gédéon, leo giza litaingia saa ngapi?"

Kijana akataja saa na dakika, papo hapo, bila kutazama saa wala mbingu. Kisha akagundua alichokifanya, akafumba macho.

"Siku za kawaida hakuna mtu anayejua hilo," Fanny alisema. "Anayejua ni mtu aliyefunga." Akaifungua leso juu ya goti lake. Kile kibanzi kilionekana kidogo sana.

Gédéon alikitazama kwa muda mrefu. Machozi yakaanza kumtoka bila sauti, na hakujisumbua kuyafuta.

"Jumamosi, watu walipoondoka," alisema. "Yoann alisema mkono wangu umetikisika. Nilitaka kuwaonyesha Élie na Bollack kwamba hautikisiki. Nikalifungua. Upande wa kushoto ukawa mzito ghafla, nikajua, Luteni, nilijua kabla halijatoka mkononi. Likaanguka. Mlio wake ulikuwa kama mtu ameanguka. Tulisimama tu."

"Limeharibika kiasi gani?"

"Mpini wa kushoto umevunjika. Ngozi imefumuka kwenye mshono. Élie akalifunga kwa shali yake. Jumapili asubuhi tukapanda treni ya kwanza kwenda Basel, ng'ambo ya mpaka, kwa mwandishi wa magombo. Anasema anaweza kulitengeneza."

"Kwa nini hamkusema?"

"Tulitaka kusema. Likirudi zima. Tukadhani Jumatatu tutazuga kidogo, tutasema limepelekwa kukaguliwa. Tulipofika chumba cha sala msimamizi alikuwa ameshapiga simu. Halafu watu wakaanza kulitaja jina la Yoann, na kila saa iliyopita..."

Mlango nyuma yao ukafunguka. Élie alikuja kumwita mwenzake kwenye sala. Aliiona leso, akaona uso wa Gédéon, akasimama palepale na mkono kwenye kitasa.

"Dobi wako yuko Basel," Fanny alimwambia. "Umbali wote huo kwa shali moja."

"Luteni, hakuna mtu aliyetoa maelezo ya uongo. Hakuna aliyetuuliza kama limeanguka."

"Umenidanganya mimi kuhusu shali, mchana huu huu. Lakini hilo tuliache. Hebu niambie wewe unayejua sheria. Gombo likianguka, walioliona wanafanya nini?"

Élie alijibu kwa sauti ndogo. "Wanafunga."

"Siku ngapi?"

"Watu wanasema arobaini. Wakiwa zaidi ya mmoja wanagawana."

"Nanyi mmegawana vizuri. Jumatatu huyu, Jumanne wewe, jana Bollack, leo huyu tena. Mmekuwa waaminifu. Mpishi ndiye amekaribia kuugua." Fanny alisimama. Alikuwa amekasirika, na hakuona sababu ya kuficha. "Na leo jioni ungesimamia kura ya kumtoa Yoann."

"Mimi ningepiga kura ya kumtetea."

"Moja."

Élie akaangalia chini.

"Ngozi imeanguka, mnafunga siku arobaini," Fanny alisema. "Yoann mmemwangusha mbele ya watu, na kwa ajili yake hamkuacha hata chai."

Bustanini jani moja lilidondoka kutoka kwenye mti ambao hawakuweza kuuona.

"Maelezo yenu nitayachukua kesho kituoni, ninyi wawili pamoja na Bollack," aliendelea. "Leo mtasema wenyewe. Kabla ya sala, mbele ya masikio yaleyale yaliyosikia jina lake."

Saa ya sala chumba kilikuwa cha kijivu. Taa zilikuwa zimewashwa, lakini ukungu wa nje ulizinywa, na vijana walioingia mmoja mmoja walionekana kama watu walioota kwamba wapo pale. Fanny alisimama nyuma. Alikuwa amemwita Yoann, na Yoann alikuja akiwa na koti na begi lake, akasimama mlangoni bila kuingia.

Gédéon hakuzunguka. Aliyasema yote kuanzia mkono wake mpaka Basel, akasema ni yeye aliyeangusha, na kwamba Yoann hakugusa kitu. Élie akasimama pembeni yake, akasema kura haipo tena, kwamba anajiuzulu uenyekiti, na kwamba amekaa kimya siku zote hizi akijua. Bollack alikuwa amejifunika uso. Watu wengine walitazama viatu vyao, kwa sababu wao hawakuangusha gombo ila jina walilitaja.

Ikabaki zamu ya Yoann. Aliuliza swali moja tu.

"Jumapili, nilipokuwa namwambia babu yangu lipo salama, mlikuwa mmeshapanda treni?"

"Ndiyo," alisema Gédéon.

"Jumatatu jioni nilikaa kati yenu mezani. Wewe ndiye uliyenipa mkate."

"Ndiyo."

Yoann akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa chenji sahihi. Akanyanyua begi, akaondoka. Wakasikia hatua zake kwenye korido, kisha mlango mkubwa wa nje. Fanny hakumzuia. Kwa upande wa polisi kijana alikuwa huru kwenda anakotaka, na jalada lilikuwa limekwisha. Lilikuwa limekwisha vibaya, na lilimuuma.

Nje kulizidi kufifia. Sala ya alasiri haingoji jua lizame, na sala ya pamoja haianzi mpaka wanaume kumi wawepo. Élie akageuka kuwahesabu. Watu hawa hawahesabiani kwa namba. Wana aya moja yenye maneno kumi, na kila aliyepo anapewa neno lake. Élie alianza kuisoma aya ile polepole, akimtazama kila mmoja usoni kwa kila neno. Watu wakaisha kabla ya aya kuisha. Neno la mwisho halikuwa na mtu.

Akatupa jicho nyuma, kwa Fanny.

"Usinitazame mimi," Fanny alisema. "Katika nyumba hii mwanamke hahesabiwi hata akiwa na bastola."

Élie akairudia aya tangu mwanzo, taratibu zaidi, kana kwamba kwa kuivuta vile mtu angeweza kutokea ukutani. Akafika neno la tisa. Akanyamaza. Gédéon aliinamisha kichwa na mabega yake makubwa yakashuka. Dakika zikapita hivyo, madirisha yakawa karibu meusi, na hapakuwa na mtu aliyethubutu kwenda barabarani kumwita yeyote.

Neno la kumi likasikika kutoka koridoni.

Yoann alikuwa amesimama palepale aliposimama mwanzo, nywele zimelowa umande, begi mkononi. Alilitamka tena, safari hii kwa sauti, ili lihesabike.

"Sijawasamehe," alisema. "Anzeni, jua linazama."

Akaingia, akaliweka begi karibu na mguu wake, akasimama nalo hivyo hivyo mpaka sala ikaisha.